Tangi Lililokataa Gundi: Uchambuzi wa Kisa cha Kisauni

Tangi lenyewe ni la lita 1,000, plastiki ya samawati, na lilikaa juu ya slabu ya bafu katika nyumba moja ya Kiswahili ya kupangisha huko Kisauni, Mombasa. Maji ya mfereji huja kwa mgao, aghalabu usiku, na asiyekuwa na pa kuyaweka hayamfai kitu. Kisima cha uani kipo, ila maji yake ni ya chumvi. Ya kupigia deki, si ya kupikia chai. Kinachobaki ni mkokoteni wa mitungi ya lita 20, na tangi likijaa ni mitungi 50. Siku lilipopasuka, kila chumba kilipiga hesabu yake.

Ufa ulianzia kwenye tundu la bomba la kutolea maji, chini kabisa, ukapanda upande wa magharibi kiasi cha dhiraa moja. Fundi bomba akaitwa. Alilikausha tangi, akapiga msasa kidogo, akapaka gundi ya matone, ile inayonata vidole kabla ya kunata kitu kingine. Tangi lilipojazwa ikabanduka. Akarudi na gundi ya mirija miwili, ile ya epoksi inayochanganywa kwanza ndipo ipakwe, akatia kiraka kipana nje na kingine ndani. Vilishika kidogo, kisha vikatoka vizima kama magamba. Silikoni ya kuzibia vioo vya madirisha haikungoja hata maji. Lami ilijaribiwa pia, na lami kweli ilishika, lakini maji yakaanza kunuka barabara mpya na jua la adhuhuri likaifanya itambae ukutani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote humwita Bi Mkubwa, alikuwa ameshakata shauri.

"Gundi za siku hizi za uongo, mwanangu. Tangi la marehemu baba lilikuwa la mabati. Likitoboka lapelekwa kulehemiwa, larudi, lashika. Lilimalizwa na kutu, si na gundi."

Fundi naye hakukubali kubebeshwa lawama. "Gundi hii hii, Bi Mkubwa, juzi nimeungia mguu wa feni ya chuma. Ukitaka kuubandua utaivunja feni."

Kauli hizo mbili zilikuwa na nusu ya jibu, ingawa kila mmoja aliitoa ili kumshinda mwenzake. Lehemu ilishika bati, gundi ikashika feni, na zote zingeshindwa na tangi hili. Mimi niliitwa kwa kuwa nafundisha kemia. Bi Mkubwa aliamini kwamba mwalimu wa kemia hawezi kuuziwa gundi ya uongo. Nilichoomba kwanza ni vile viraka vilivyobanduka, na kwa bahati fundi alikuwa hajavitupa.

Viraka viwili vya gundi moja

Viraka vyote vilikuwa vya epoksi ile ile, vimechanganywa mchana mmoja, vimepakwa juu ya ufa mmoja. Vilitofautiana mgongoni tu.

Cha ndani kilikuwa safi. Mgongo wake uling'aa na ulinakili kila mkwaruzo wa msasa uliokuwa kwenye plastiki, kama alama ya kidole kwenye nta, na hapakuwa hata na chembe ya samawati juu yake. Gundi ile ilikauka vizuri ikawa ngumu, ila na plastiki hawakuwahi kushikana.

Cha nje kilikuwa na vumbi la samawati iliyofifia, mgongo mzima. Ukilifuta kwa kidole linatoka kama chaki. Hapa gundi ilishika, tena ilishika sawasawa; kilichoachia ni ngozi ya tangi lenyewe.

Kwa hiyo tulikuwa na makosa mawili yaliyofanana kwa mtazamaji wa mbali. La ndani ni la gundi na plastiki kutotakana. La nje ni la plastiki iliyokwisha kuharibika kabla gundi haijafika. Anayesema tu "gundi imebanduka" atanunua gundi ya bei kubwa zaidi, na itabanduka vile vile, mara mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Ukoo wa mshumaa

Matangi ya aina hii hutengenezwa kwa polithini. Unga wake hutiwa ndani ya kalibu kubwa ya chuma, kalibu inazungushwa ndani ya joko la moto, unga unayeyuka na kujipaka kuta za kalibu. Ndiyo maana tangi halina mshono.

Polithini ni kaboni na haidrojeni, basi. Na atomu hizo mbili zimejaa nyumba nzima ya Bi Mkubwa kwa sura nyingine. Gesi ya mtungi jikoni ni molekuli za kaboni tatu au nne; yenye nne, butani, huchemka karibu na nyuzi 0 za selsiasi, ndiyo sababu ni hewa mara tu inapotoka mtungini. Mafuta ya taa yana kaboni kumi hivi hadi kumi na sita, nayo ni maji maji. Mshumaa una kaboni ishirini na zaidi, nao ni mgumu ila huyeyuka kwenye nyuzi 50 au 60. Ongeza mnyororo hadi maelfu ya kaboni na una tangi linaloyeyuka kwenye nyuzi 120 na ushei. Kiwanda cha Changamwe, enzi zake, kabla hakijaacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kilikuwa kikifanya kazi hiyo ya kupanga ukoo kwa urefu: wafupi juu ya mnara, warefu chini.

Mnyororo ukirefuka, kifungo cha kaboni kwa kaboni hakibadiliki. Ni kile kile, atomu mbili zikishirikiana jozi ya elektroni, na kukivunja huhitaji kama kilojuli 348 kwa kila moli, lile fungu la idadi moja ambalo wanakemia huhesabia chembe. Kinachoongezeka ni mvuto kati ya mnyororo na mnyororo. Elektroni za molekuli hazitulii; kwa nukta ndogo ya wakati zinaelemea upande mmoja, zinalisukuma wingu la elektroni la jirani kuelemea vile vile, na pande mbili zinavutana. Fritz London ndiye aliyeeleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1930, na kani hizo bado zina jina lake. Kwa kila kaboni ya polithini mvuto huo ni kama kilojuli 4 tu kwa moli. Mara themanini na kitu chini ya kifungo chenyewe.

Wazia mikufu mia ya dhahabu imerundikwa ndani ya sanduku la sonara. Pete za kila mkufu zimefungwa kikweli. Kati ya mkufu na mkufu hakuna kufungwa, kuna kusongana tu. Tangi la maji limesimama kwa kusongana huko: sehemu nyingine minyororo imejipanga sambamba na kuwa fuwele ndogo, sehemu nyingine imetatizana, na minyororo mirefu inapita kutoka fuwele moja hadi nyingine na kuzishikilia. Hiyo ya kupita kati ndiyo muhimu. Tutairudia kwenye jua.

Polithini ilipatikana kwa bahati tu mwaka 1933 huko Northwich, Uingereza, mikononi mwa Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya ICI, waliokuwa wakibana gesi ya ethilini kwa kanieneo kubwa mno wakitafuta kitu kingine. Nta nyeupe ikabaki kwenye chombo. Waliiona ni nta, na hawakukosea sana.

Gundi inataka nini

Gundi yoyote hushika kwa kulala kwanza. Lazima itandazike juu ya kitu, iingie kwenye vinyweleo vyake, ikaribie molekuli zake kwa umbali wa molekuli moja hivi, ndipo kani zianze kufanya kazi. Kioevu hutandazika pale uso unapokivuta kuliko kinavyojivuta chenyewe. Maji yana mvuto wa ndani wa milinyutoni 72 kwa mita; epoksi mbichi ina karibu 45; uso wa polithini una kama 31. Kwa hiyo vyote viwili vinajikusanya vitone juu yake. Nilimwomba fundi amwage tone la maji juu ya ukuta wa ndani wa tangi na jingine juu ya kioo cha dirisha. La kwenye kioo lilitambaa; la kwenye tangi lilikaa mviringo na kuteleza. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na ningependa kila anayeuziwa gundi akifanye kabla ya kufungua mfuko.

Jambo la pili ni kile gundi inachokikuta ikishalala. Molekuli za epoksi zina vikundi vya oksijeni na haidrojeni vilivyoelemea chaji: upande wa oksijeni hasi, upande wa haidrojeni chanya. Uso wa chuma cha feni umefunikwa na utando mwembamba wa oksidi, nao una oksijeni na haidrojeni za namna hiyo hiyo. Zinapokutana zinafungana kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni hafifu kwa kifungo cha kweli lakini vina nguvu mara kadhaa kuliko mvuto wa London. Kioo kadhalika, saruji kadhalika. Ndiyo maana fundi alisema kweli kuhusu feni yake. Polithini haina oksijeni hata moja ya kumpa mgeni. Silikoni nayo hushika kioo kwa njia inayokaribiana na hiyo, ikakuta tangi halina cha kushika.

Wala kani za London zenyewe si za kudharauliwa. Mjusi kafiri anayekimbia juu ya dari ya bafu hilo hilo hushikiliwa nazo. Mwaka 2002 kundi la watafiti likiongozwa na Kellar Autumn lilionyesha hivyo kwa nyayo za mjusi mmoja wa jamii hiyo. Lakini mjusi ana vinyweleo laini mno vinavyokaribia ukuta kila mahali. Epoksi iliyojikunja vitone haikaribii.

Hapa ndipo lami inapoeleweka. Lami ni ukoo mmoja na polithini, minyororo na duara za kaboni na haidrojeni, haidai oksijeni ya mtu. Ikiwa moto inalala juu ya tangi na kushika. Ila inachoshikia ni kani hizo hizo hafifu, na molekuli zake ni fupi, kwa hiyo lami ya kawaida hulainika kwenye nyuzi 50 hivi. Juu ya bati na slabu za Kisauni, adhuhuri ya Februari, ukuta wa tangi unafika huko bila shida. Kwa maji ya kunywa sikuipendekeza hata kama ingeshika.

Fundi aliuliza swali zuri kuliko yote siku ile: "Mwalimu, mbona bomba la PVC twaunga kwa gundi na halivuji miaka?"

Kwa sababu ile si gundi ya kupaka juu. PVC ina klorini kwenye mnyororo, na klorini huvuta elektroni kwake, kwa hiyo mnyororo una pande zenye chaji kidogo. Viyeyusho vya kwenye mkebe wa gundi ya PVC vinavutwa na pande hizo, vinaingia kati ya minyororo na kuilegeza. Bomba na kiungio vinageuka uji mwembamba usoni, minyororo ya huku inaingia ya kule, kiyeyusho kinapaa, wanabaki kitu kimoja. Polithini kwenye joto la kawaida haina kiyeyusho cha namna hiyo dukani wala maabara. Fuwele zake zimepangana kwa karibu mno na kiyeyusho hakina cha kuzishawishi. Ukitaka kuilegeza, kilicho mkononi mwako ni moto.

Na lehemu ya marehemu mzee? Bati la tangi na risasi ya lehemu, vyote metali. Elektroni za nje za metali si mali ya atomu moja. Zinazurura kipande kizima. Lehemu ikiyeyuka juu ya bati lililosafishwa, atomu zake zinaingia kwenye uso wa bati na elektroni zinakuwa za wote. Lakini uhuru huo huo wa elektroni ndio unaorahisisha kutu: chuma kinazitoa kwa oksijeni, na maji ya chumvi ya kisima, yenye ayoni za sodiamu na klorini zinazoelea, yanafungua njia. Tangi la mabati lilikubali kuzibwa na likakubali kuliwa. La plastiki limekataa yote mawili, na sioni kwamba Bi Mkubwa angeweza kuwa na moja bila jingine.

Kuna sababu ya tatu ya viraka kutoka, ambayo mafundi huisahau. Polithini hutanuka sana kwa joto: mita moja hurefuka takriban milimita 0.2 kwa kila nyuzi 1, zaidi ya mara kumi kuliko chuma, kwa kuwa minyororo yake imeshikana kilegevu na ikipata joto inasukumana. Epoksi hutanuka kama robo ya hivyo, nayo ni ngumu mara kadhaa kuliko ukuta wa tangi. Kila mchana ukuta unavimba chini ya kiraka kisichotaka kuvimba, kila usiku unasinyaa. Hata gundi iliyoshika kikweli ingechokozwa kingoni mpaka ikaachia. Viwandani hupitisha ulimi wa moto haraka juu ya chupa za polithini kabla ya kuzichapa maandishi, ili hewa iunguze uso na kuupachika oksijeni. Ingewezekana kufanya hivyo hapa kabla ya epoksi, na gundi ingeshika zaidi. Kwa maandishi inatosha. Kwa tangi linalovimba na kusinyaa lenye tani moja ya maji, singeweka shilingi yangu.

Jua la magharibi

Sasa vumbi la samawati. Mwanga wa jua unaotufikia una urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, wa kuanzia nanomita 295 hivi kwenda juu. Kwenye nanomita 300 kila moli ya mwanga hubeba karibu kilojuli 400. Kifungo cha kaboni kwa kaboni ni 348. Hesabu hiyo pekee haitoshi, kwa kuwa polithini safi haiufyonzi mwanga huo, unapita tu. Lakini hakuna polithini safi: kuna mabaki ya vichocheo vya kiwandani na oksijeni chache zilizoingia wakati wa kuyeyusha, na hizo zinaufyonza. Kifungo kimoja kikikatika kinabaki na elektroni pweke, elektroni hiyo inamrukia oksijeni ya hewani, na tangu hapo ni mfululizo unaojiendesha wenyewe. Minyororo inakatika.

Inayoumia kwanza ni ile minyororo ya kupita kati ya fuwele, kwa kuwa iko kwenye sehemu zisizopangana, ambako oksijeni huingia kwa urahisi. Ikikatwa ya kutosha, fuwele zipo pale pale, uzito ni ule ule, rangi imefifia kidogo tu, ila hakuna kinachozishikilia pamoja. Plastiki iliyokuwa ikikunjika sasa inavunjika. Nilikata ukanda mwembamba kutoka mdomo wa ufa, upande wa magharibi, nikaukunja: tak. Ukanda kutoka upande wa mashariki, wenye kivuli cha ukuta wa jirani, ulikunjika hadi ncha zikagusana.

Na hili hasa ndilo lililonifurahisha katika kisa hiki, ikiwa inafaa kufurahia tangi bovu la mtu. Oksijeni zilizopachikwa na jua ndizo zilizoipa epoksi pa kushika. Jua liliufanya uso wa nje upendeke kwa gundi kwa njia ile ile lililoutumia kuuozesha. Kiraka cha nje kilishika kwa sababu ukuta ulikuwa umekwisha.

Matangi meusi huenda umri mrefu kwa sababu weusi wake ni masizi ya kaboni, ambayo humeza urujuanimno kabla haujaingia ndani. Kwenye mabomba meusi ya polithini masizi hayo huwa asilimia 2 hadi 2.5. Matangi ya rangi hutegemea dawa nyingine za kuzuia jua, na dawa hizo huisha. Ukiwa na tangi la samawati, liweke kivulini. Hilo ni jambo la kuamua siku ya kununua, si siku ya ufa.

Lakini jua halikuanzisha ufa. Ufa ulianzia kwenye tundu la bomba. Tundu lile lilikatwa kwa kisu cha moto, nalo lilikuwa na kona. Kwenye kona mkazo hujikusanya. Kiungio cha chuma kilikazwa kwa spana mpaka plastiki ikabonyea. Chini, tangi lilikaa juu ya mawe manne ya matumbawe na sehemu ya kitako ilining'inia hewani, kwa hiyo kila likijazwa ukuta ulipinda pale pale penye tundu. Na wapangaji, kwa nia njema, walikuwa wakiliosha kwa sabuni ya unga. Sabuni haiyeyushi polithini, ila kwenye plastiki iliyovutwa kwa muda mrefu inapenya penye mkazo na kusaidia minyororo kuponyoka, mmoja baada ya mwingine. Wahandisi wa nyaya za simu walilijua tatizo hilo zamani, ganda la polithini lilipokuwa likipasuka bila sababu ya kuonekana.

Moto, mara mbili

Kijana mmoja hapo jirani huziba mitungi na mabeseni kwa chuma cha moto. Alikuja na vipande vya beseni jekundu, akayeyusha, akajaza ufa. Ulipopoa ulionekana kazi safi. Akaingiza ncha ya bisibisi chini yake na utepe mzima ukainuka.

Beseni lile lilikuwa la polipropilini. Huelea majini kama polithini, hunuka mshumaa likiungua kama polithini, atomu zake ni zile zile kwa uwiano ule ule. Tofauti ni tawi dogo la kaboni moja kwenye kila kaboni ya pili ya mnyororo. Tawi hilo linabadilisha namna minyororo inavyolala, polipropilini ikayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na mbaya zaidi, inaufanya kila mnyororo ujipendelee kidogo sana kuliko kuchanganyika na polithini. Kidogo hicho ukikizidisha kwa maelfu ya viungo vya mnyororo mmoja kinakuwa kutoelewana kabisa. Vimiminika viwili vya molekuli fupi vingechanganyika bila kusita. Minyororo mirefu haisamehi.

Kwenye vyombo vingi kuna pembetatu na namba chini: 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, ambayo haifai kuchomwa kabisa kwa kuwa hutoa hewa ya asidi ya haidrokloriki. Kwa muuza skrepa tulipata bega la tangi jingine lililovunjika, la namba 4. Kijana aliyeyusha vipande viwili, kimoja cha huko na kimoja cha ukuta wa mashariki, akavigandanisha, akavipoza na kuvivuta kwa koleo. Vilirefuka kabla ya kukatika, na havikukatikia kwenye kiungo. Hapo tukajua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alitoboa kitundu cha mviringo kwa keekee mbele ya ncha ya ufa, ili ufa ukose ncha ya kuendelea nayo. Alikwangua ngozi yote iliyochakaa pande zote mbili za ufa hadi samawati iliyokolea ilipoonekana, kwa sababu minyororo iliyokatwakatwa na jua ni mifupi mno kutatizana na mingine. Kisha alijaza kwa tepe za lile bega, nje na ndani, akihakikisha ukuta unayeyuka sawa na tepe. Moto unavunja kusongana kwa kilojuli 4, hauvigusi vifungo vya 348. Minyororo ya pande mbili inatambaa na kuingiliana, na ikipoa inafanya fuwele za pamoja. Harufu ya mshumaa ni sawa. Moshi mwingi na rangi ya kahawia ni alama kwamba moto umezidi na minyororo inakatika tena.

Tundu la zamani liliyeyushwa likafungwa. Jipya lilitobolewa mashariki kwa keekee ya duara, kiungio kikatiwa mpira na kukazwa kwa mkono na robo tu ya spana. Mawe manne yakaondolewa, slabu ikasawazishwa kwa saruji ili kitako chote kilale.

Tangi halivuji. Ila ukuta wa magharibi ni ule ule uliolia tak, na nilimwambia Bi Mkubwa kwamba utapasuka pengine, juu au kando ya kiraka.

"Kwa hivyo nimelipa bure?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Umelipa tangi la pili, la matumizi mepesi."

Alifikiri, akaagiza jeusi kwa ajili ya mfereji. La samawati limeshushwa uani, chini ya ngazi ambako jua halifiki, linatiwa maji ya kisima na halijazwi kupita nusu, kwa kuwa mkazo kwenye ukuta wa chini hufuata kimo cha maji. Mabaki ya lile bega fundi bomba ameyachukua, ameyaandika namba 4 kwa kalamu ya wino mzito, na wino nao, asipoyapitishia moto kwanza, utafutika.